Hadithi Yenyewe Imekwisha?

Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 1:57–66

  

Asubuhi hii tuzungumze juu ya jina la mtoto. Katika somo letu tunasikia kwamba siku ya nane majirani walikusanyika nyumbani kwa Zakaria, na jina walikuwa wamekwisha kulichagua. Mama akakataa. Wakamwambia hakuna mtu wa ukoo wake mwenye jina hilo analolitaka. Wakamgeukia baba, naye alikuwa bubu, akaomba kibao akaandika: Yohana. Naona kwamba majirani wa siku zile na wa siku hizi ni wale wale. Mtoto si wao, lakini jina wanalo tayari.

Mwaka 2018 walinijia vijana wawili, mume na mke. Mume alifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Athi River. Mke ni binti wa Kimaasai, kwao ni mbele ya Kajiado, njia ya Bissil. Walikuwa na mtoto wa kike, nao walitaka abatizwe kwa jina la Khaleesi. Nikawauliza, hilo ni jina la Biblia? Wakacheka kwa adabu. Wakanieleza kwamba ni malkia katika tamthilia ya Marekani, waliyoitazama usiku mama alipokuwa mjamzito na usingizi umemtoka. Malkia huyo alikuwa msichana asiye na mtu, akaozwa kwa nguvu, mwisho akawafungua watumwa. Mama yule akaniambia, “Pasta, nilimtazama nikasema, binti yangu naye asiogope mtu.”

Lazima niwaambie kwamba tamthilia ile siwezi kuwasifia. Ina mambo mengi ya aibu. Tena hilo si jina hasa, ni cheo, maana yake malkia, katika lugha iliyobuniwa kwa ajili ya hadithi tu. Lakini hawakuwa peke yao. Mwaka huo huo, huko Marekani, watoto wa kike zaidi ya 500 waliandikishwa jina hilo.

Wala tusiwacheke, maana sisi tulianza zamani. Hesabu wazee wa kanisa waitwao Kennedy, waliozaliwa miaka ya 1960 wakati rais yule wa Marekani alipokuwa akisifiwa kila mahali. Mwaka 1961, miaka miwili kabla ya bendera yetu kupandishwa, mtoto wa Mzee Kenyatta aliitwa Uhuru. Barack Obama aliposhinda uchaguzi mwezi wa Novemba 2008, wodi za akina mama kule Kisumu zilijaa Obama wadogo. Na alipokuja Nairobi mwezi wa Julai 2015, magazeti yaliandika habari za watoto wachanga wa Siaya waliopewa jina la ndege yake, Air Force One! Hapo mimi mwenyewe nilitikisa kichwa. Jina la Barack lenyewe ni ndugu wa neno letu baraka, na mtoto angeweza kulivaa maisha yake yote bila taabu. Lakini ndege?

Sasa niungame jambo. Miaka yangu ya kwanza ya ukasisi, katika parishi nyingine, walinijia wazazi waliotaka mtoto aitwe Marley, kwa ajili ya yule mwimbaji wa Jamaika. Sikuwaita kuzungumza nao. Niliwaacha wafike mpaka kwenye birika la ubatizo, na mdhamini alipotaja jina, mimi nikambatiza mtoto Marko. Nilijiona shujaa wa imani. Baba yule alimchukua mtoto mikononi mwangu, maji yakimtiririka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakurudi tena. Nilimtafuta mara mbili nyumbani kwake, na mara zote mbili nikaambiwa hayupo, ingawa viatu vyake niliviona mlangoni.

Na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. Pale chuo cha theolojia nilifundishwa Kiyunani, na nilijua vema kwamba Apolo ni jina la mungu wa sanamu. Lakini katika Matendo 18 tunamkuta Apolo wa Iskanderia, mhubiri hodari, na Paulo hakumbadilisha jina. Fibi, yule dada aliyelihudumia kanisa la Kenkrea, jina lake limetoka huko huko kwenye hadithi za miungu. Herme pia. Epafrodito vile vile. Hizo ndizo zilizokuwa tamthilia za siku zile! Na katika Afrika yetu ya Mashariki, Mganda mmoja alibatizwa mwaka 1895 akachukua jina hilo hilo la Apolo. Watu wakamwongezea Kivebulaya, yaani kitokacho Ulaya, kwa sababu ya mavazi ya Kizungu aliyoyavaa. Jina la kwanza la sanamu, la pili la koti! Naye ndiye Kanoni Apolo Kivebulaya aliyepeleka Injili Mboga, katika Kongo, akafanya kazi huko mpaka alipofariki mwaka 1933.

Basi wale vijana wa Kitengela sikuwakataza. Nilisema tu kwamba twende tumsikie bibi.

Tukaenda. Bibi yule alikuwa amekwisha kumpa mjukuu jina la Namunyak, yaani mwenye heri. Alijaribu kulitamka lile jina la sinema, likatoka “Kalesi”, akafikiri ni habari za kale. Kisha akauliza maswali kama mtu anayenunua ng'ombe. Huyo mwenye jina ni nani? Ameishije na watu wake? Ana watoto? Binti akasema, “Yeiyo, si mtu wa kweli. Ni malkia wa hadithi.” Bibi akanyamaza kidogo, akauliza, “Na hadithi yenyewe imekwisha?”

“Bado, Yeiyo. Itakwisha mwaka ujao.”

“Basi ngojeni iishe.”

Hawakungoja. Bibi alikasirika, akasema hatakuja kanisani. Siku ya ubatizo alikuja, amechelewa, akaketi karibu na mlango. Nilimbatiza mtoto kwa majina yote mawili, Khaleesi Namunyak.

Mwezi wa Mei 2019 tamthilia ikafikia mwisho. Malkia yule, mji ukiwa umekwisha kusalimu amri na kengele zinalia, aliuteketeza kwa moto pamoja na wanawake na watoto. Katika sehemu iliyofuata akauawa na mtu aliyempenda. Juma lile lile mama yule alikuja ofisini kwangu, macho mekundu. Akaniomba nimbatize mtoto upya kwa jina jingine. Alikuwa akiona haya mbele ya mama yake kuliko mbele yangu.

Nilimwambia, mama, ubatizo haurudiwi. Jina la cheti cha kuzaliwa mnaweza kwenda kuuliza serikalini. Lakini siku ile sikumbatiza mtoto katika jina la malkia, wala katika jina la Namunyak. Majina hayo mawili yalikuwa ya kumwitia tu, ili ajue ni yeye anayeambiwa. Nilimbatiza katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 28. Jina hilo habari zake tunazijua mpaka mwisho, msalaba na kaburi na siku ya tatu. Akalia kidogo, kisha akaniuliza atamwambia nini mtoto akikua. Nikasema mwambie kweli, pamoja na kile ulichokitaka usiku ule usingizi ulipokutoka.

Mtoto huyo sasa yuko shule ya msingi. Kwenye madaftari yake ameandika Namunyak, na wenzake humwita Kale. Muhula uliopita, baada ya shule ya Jumapili, alinishika kanzu akaniuliza malkia yule alikuwa nani. Nilimweleza, nikafika kwenye moto, nikaendelea. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama malkia alitubu. Nikamwambia hadithi haikumpa nafasi.

Tuombe. Ee Baba, twakuomba kwa ajili ya watoto watakaoletwa kwenye maji Jumapili hii, Kitengela na Kajiado, na kwa ajili ya mabibi wasiokubaliana na wakwe zao. Na yule baba aliyetoka kwa mlango wa nyuma, umrudishe, naye mwanawe. Katika jina la Yesu. Amina.