Futa Cheti Kilichoisha, Hifadhi Ufunguo

(Nakala ya mazungumzo ya afisa wetu wa mifumo ya kompyuta na wenye biashara pamoja na makarani wa afisi)

Naomba dakika chache nizungumzie usafi wa seva ya barua pepe.

Baadhi ya kampuni, hasa zinazoshika rekodi za fedha na za wagonjwa, huwapa wafanyakazi vyeti vya kidijitali vya barua pepe. Cheti ni kama kufuli lililo wazi: kampuni humpa yeyote anayetaka kumwandikia mfanyakazi, naye hulitumia kufunga barua yake. Ufunguo wa kulifungua hubaki kwa mfanyakazi peke yake.

Vyeti hivi vina mwisho. Vinavyotolewa na mashirika yanayotambuliwa kimataifa haviruhusiwi kuzidi siku 825, yaani takriban miaka miwili na miezi mitatu. Kipya kikitolewa, cha zamani mara nyingi hubaki kwenye seva. Baada ya miaka kadhaa, mfanyakazi mmoja ana vyeti vitatu au vinne, na walioacha kazi bado wamo.

Hapo shida huanza. Programu ya mtumaji inaweza kuchukua cheti cha zamani, ikatoa onyo au ikakataa kutuma. Watu wakizoea kupuuza maonyo, siku onyo la kweli litakapokuja watalipuuza vilevile.

Basi tusafishe, lakini kwa uangalifu. Kabla sijaajiriwa na kaunti, nilifanya kazi katika kampuni moja ambako tulifuta vyeti vyote vilivyoisha, pamoja na funguo zake. Wiki mbili baadaye mteja alikuja kuuliza kuhusu mkataba aliotutumia miaka miwili awali. Barua yake tuliiona, lakini hakuna aliyeweza kuifungua. Cheti kuisha muda hakuifungui barua ya zamani. Bado inataka ufunguo uleule. Ilibidi mteja yule aanze upya, na kosa lilikuwa letu.

Kwa hivyo, fuateni utaratibu huu:

Kwanza, orodhesheni vyeti vyote, mwenyewe ni nani na kinaisha lini.

Pili, hakikisheni kila mfanyakazi ana cheti kipya kinachofanya kazi. Tumeni barua ya majaribio, ifungwe na ifunguliwe.

Tatu, wekeni nakala ya funguo za zamani nje ya seva, ikilindwa kwa nywila thabiti. Jaribuni kufungua barua moja ya zamani kwa nakala hiyo. Nakala isiyojaribiwa si ya kutegemewa.

Nne, sasa futeni vyeti vilivyoisha kwenye orodha ya watumiaji ya seva. Funguo msiziguse.

Tano, mfanyakazi akiondoka, msingoje cheti kiishe. Mwombeni aliyekitoa akibatilishe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki ya kuona taarifa zake mlizo nazo. Akija kuziomba, mtamwambiaje kwamba mnazo ila mmetupa ufunguo? Sheria hiyo pia haitaki taarifa zikae kupita muda unaohitajika. Muda wa rekodi ukifika, zifuteni kwa uamuzi, zisipotee kwa bahati mbaya.

Na wewe mkazi usiye na seva, ukipata barua ya afisi yenye onyo kwamba cheti kimeisha, usiharakishe kutuma pesa wala nambari ya kitambulisho. Piga simu kwa nambari unayoijua tangu zamani, si ile iliyo ndani ya barua hiyo, uulize.

Kuna vyeti visivyozidi ishirini katika afisi nyingi ndogo. Ni kazi ya asubuhi moja. Ifanyeni kabla mteja hajaja kuuliza.