Mgeni Akishikwa: Anafurushwaje Kenya?



Mtu akibebwa kwenye msako pale Eastleigh ama Majengo, utasikia mtaani, "Huyo kesho yuko kwa ndege." Si lazima iwe hivyo. Baina ya seli na ndege kuna hatua, na familia nyingi hutafuta wakili wakati zote zimeshapita.

Kwanza ni kushikwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinamtaja mtu aliyekamatwa, hakisemi awe Mkenya. Awe Msomali, Mtanzania ama Mwingereza, anafaa kuambiwa sababu kwa lugha anayoielewa, aongee na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata zikiishia wikendi. Akishtakiwa kwa kuwa nchini bila kibali, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaweka faini isiyozidi shilingi 500,000, ama kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili.

Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Hakimu anaweza kupendekeza mtu aondolewe, lakini anayetoa amri ni Waziri, kwa maandishi, chini ya kifungu cha 43 cha sheria hiyo. Hata bila kesi, Waziri anaweza kuitoa ikiwa mtu yuko nchini kinyume cha sheria. Amri yaweza kumzuia kurudi kwa muda fulani, ama kabisa. Na anaweza kuzuiliwa mpaka siku ya safari, hata kama ameshakwenda kortini kupinga. Kwa hivyo ukiambiwa "ameshaandikiwa", uliza: karatasi iko wapi? Wakili ataitaka hiyo kabla ya kitu kingine.

Kupinga ni Mahakama Kuu, na jaji anaweza kusimamisha safari. Je, serikali hutii? Mwulize Miguna Miguna. Februari 2018 alipakiwa ndege hadi Canada huku korti ikiwa imeagiza afikishwe mbele yake. Akarudi Machi, akazuiliwa uwanja wa ndege, akasafirishwa tena. Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema yeye ni raia wa kuzaliwa na haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 7. Alikanyaga Nairobi Oktoba 2022. Ushindi upo, lakini hesabu miaka aliyokaa nje, na huyo ni wakili mwenye jina. Kijana wa mtaani je?

Mkimbizi ana kinga zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali atakapoteswa ama maisha yake kuwa hatarini, na kinga hiyo inamfikia hata anayesubiri kusajiliwa. Hata hivyo, Oktoba 2024 serikali ilikubali kwamba imewarudisha Uturuki raia wanne wa nchi hiyo waliokuwa wakimbizi hapa. Karatasi ya UNHCR ni ngao, lakini ngao haishiki simu kumpigia wakili. Hiyo ni kazi yako wewe jamaa yake, na uifanye usiku huohuo.

Jambo jengine: likizuka swali kama mtu yuko nchini kihalali, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa askari. Piga picha za pasipoti, kibali, kitambulisho cha mgeni, hata cheti cha kuzaliwa cha watoto, kisha uzihifadhi kwenye simu ya mtu mwengine, maana yake itachukuliwa akifika kituoni. Na asitie sahihi taarifa ambayo hakusomewa kwa lugha yake.