TUSOME KWANZA, NDIPO TUPELEKE

(Hotuba ya Katibu wa Vijana wa Chama mbele ya wanachama na wananchi wa Hasamba, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Tunaichapa nzima kwa kuwa wasomaji wengi hutuletea hadithi, na wengine hutulaumu zisipotoka.)



Twajua kahawa imeanza kuwa nyekundu mitini, na kila saa mnayokaa hapa ni debe moja lililopungua nyumbani. Kwa hiyo hatutasema mengi.

Leo hatukuja kuomba mchango wala kuandikisha wanachama. Tumekuja kulipa deni. Mara ya mwisho tuliposimama mahali hapa, kijana mmoja alituuliza kwa nini hadithi za watu wa Unyiha hazionekani magazetini. Tukamjibu kwa sauti kubwa. Tulisema kwamba wahariri wa Dar es Salaam hupendeleana wao kwa wao, na kwamba mtu wa Mbozi hata aandike vipi hatasomwa. Mlipiga makofi sana, nasi tukaketi tumeridhika.

Ndugu wananchi, jibu lile halikuwa la kweli. Hatukuwa na ushahidi hata mmoja. Mwanachama huahidi kusema kweli, na kiongozi aliyekosea hadharani hana budi kujikosoa hadharani. Ndiyo maana tumerudi.

Tena maneno yale yalifanya madhara. Siku zile yupo binti mmoja wa hapa hapa aliyekuwa akiandika hadithi katika daftari lake, hadithi ya bibi mjane na shamba lake la kahawa. Tulipopita juzi tukamwuliza imefika wapi. Alitujibu kwa adabu: “Mwalimu, si ulisema wenyewe hawatupendi? Basi nipeleke ya nini?” Daftari lile amempa mdogo wake alifanyie hesabu. Tuliondoka pale tumeinamisha kichwa. Adui hakumkataza binti yule kuandika. Sisi ndio tuliomkataza.

Sasa tuwaambieni uchungu wetu ulikotoka. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulitunga hadithi. Tuliiandika usiku, wenzetu wakilala. Ilipokwisha tukalipa steshenari waichape, ukurasa kwa ukurasa, kwa fedha tuliyotumiwa na mama kwa ajili ya sabuni na viatu. Tukaipeleka kwa gazeti moja la kila juma. Tukangoja mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna jibu. Basi tukasema moyoni: kwa sababu sisi ni watu wa mpakani.

Lakini kumbe! Siku moja tuko stendi ya Tunduma, tukanunua vitumbua, na mama muuzaji akatufungia kwa ukurasa wa gazeti lile lile. Tulipomaliza kula tukaufuta mafuta, tukausoma. Palikuwa na hadithi. Tukahesabu maneno, na hayakuzidi mia tisa. Ya kwetu ilikuwa na maneno zaidi ya elfu kumi! Hadithi ile ilianza na mtu anagonga mlango usiku, na mstari wa tatu tumekwisha jua anadaiwa. Ya kwetu ilianza na milima, na ukungu, na jua kuchomoza, kurasa nne kabla mtu hajatia mguu. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, mhariri aliandika kwamba hadithi isizidi maneno elfu moja.

Ndugu zetu, gazeti lile lilikuwa likiuzwa kila juma. Tulitaka litusome sisi, wala sisi hatukuwahi kulisoma hata mara moja. Nani basi alikuwa na dharau, mhariri au sisi?

Ninyi ni wakulima, jambo hili mnalijua kuliko sisi. Mtu hapeleki kahawa kwenye chama cha ushirika bila kujua kinapokea ipi. Kama wanapokea nyekundu iliyoiva, mwenye kupeleka gunia lililochanganyika na mbichi atarudishwa nalo, na hawezi kusema karani wa mizani anachukia ukoo wake. Huenda kahawa yake ya mbuni iliyokaushwa ni nzuri, ila ina mlango wake na siku yake. Na hadithi ndivyo ilivyo. Hadithi kurudishwa si lazima iwe mbaya. Mara nyingi imepelekwa kwenye mizani isiyo yake.

Tazameni waliotutangulia. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali tu, lakini mashairi yake yalichapwa katika Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, kabla vitabu vyake havijaenea mashuleni. Katika gazeti lile watu walijibizana kwa mashairi, huyu akiuliza na yule akijibu. Asiyesoma toleo la mwezi uliopita angejibu nini?

Tazameni tena Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, aliyemtunga Bwana Msa. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya mwaka 1957 na 1958 ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ikatoka kitabu mwaka 1960. Wengi husema alikuwa na bahati. Lakini tangu mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na baadaye akafanya kazi katika magazeti mengine ya Unguja. Yaani kabla ya zawadi ile alikwisha kaa miaka kumi hivi akisoma maandishi ya wengine. Alijua msomaji anachoka wapi na anafungua ukurasa wapi.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Huko Urusi, Anton Chekhov alipokuwa mwanafunzi wa udaktari aliandikia gazeti dogo la vichekesho lililoitwa Oskolki, kuanzia mwaka 1882. Mhariri wake, Leikin, alitaka hadithi isipite mistari 100 hivi. Chekhov alinung'unika, lakini aliandika kwa kipimo hicho, na ndani ya kipimo hicho alijifunza kusema jambo kubwa kwa maneno machache. Leo dunia nzima humtaja anapotajwa bingwa wa hadithi fupi.

Kila ukurasa una tabia yake. Miaka ya 1960 Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na baadhi ya hadithi hizo zikachapwa katika vitabu, kimoja kikiitwa Mapenzi ni Kikohozi. Hadithi ya redio husikika mara moja kwa sikio, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma kutazama jina la mtu alilosahau. Hadithi za mfululizo za Eric Shigongo, zilizokuwa zikitoka katika magazeti ya kila juma, zilikatwa mahali ambapo msomaji angeumia kutojua la mbele, apate kununua toleo lijalo. Gazeti la Sani lilikuwa na michoro, na akina Lodilofa na Ndumilakuwili walichekesha kwa sura kabla ya maneno. Nani atachukua hadithi ya redio aipeleke Sani vilevile ilivyo?

Basi tufanyeje? Tunalo pendekezo, na ni la kazi.

Kwanza, kila mwenye hadithi achague gazeti au jarida moja analotaka kulipelekea, asome matoleo matatu kabla ya kutuma neno. Si kuyapitia kama mtu atafutaye matokeo ya mpira. Ayasome na kalamu mkononi.

Pili, ahesabu. Hesabu maneno ya mstari mmoja, zidisha kwa mistari ya safu, kisha kwa safu za hadithi. Utajua kwa dakika tano kama nyumba ile ina chumba kimoja au kumi.

Tatu, ajiulize maswali. Hadithi zao huanza wapi? Hukaa mjini au shambani? Huisha kwa toleo moja au huendelea? Huandikwa kwa Kiswahili cha mtaani au cha darasani? Wasomaji wao ni nani, na katika barua zao wanalalamikia nini? Halafu atazame kisichokuwamo. Huenda matoleo matatu yote hayana mkulima hata mmoja. Hapo msikate tamaa. Hilo ni pengo, na pengo ni nafasi. Mhariri aliyechoshwa na hadithi za baa za mjini huenda akafurahi kumpata bibi mjane wa Hasamba, ila aje kwa urefu unaoenea katika ukurasa wake.

Nne, asome maelezo ya mhariri yaliyo pembeni kwa herufi ndogo, ayafuate kama yalivyo. Nakala iwe safi, jina na simu viwepo, na nakala nyingine ibaki nyumbani.

Kuna mzee mmoja aliyetuuliza tulipokuwa njiani: “Je, huko si kuwafundisha watoto kuiga?” Ni swali la haki. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Sisi hatusemi mvunje jicho. Kijana anayeandika mauaji ya hoteli ya Dar es Salaam ambako hajafika, ati kwa kuwa ndiyo aliyoyaona gazetini, huyo amesoma vibaya. Tunasoma ili tujue mlango ulipo na upana wake. Mzigo tunaoingiza mlangoni ni wa kwetu: kahawa yetu, reli ya TAZARA inayopita Vwawa, malori yanayolala Tunduma yakingoja kuvuka mpaka, Kimondo cha pale Ndolezi ambacho bibi zetu walikuwa na habari zake kabla ya wageni. Mambo hayo mtu wa mjini hawezi kuyaandika kwa niaba yetu.

Wengine watasema gazeti ni ghali. Ni kweli kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tunapendekeza Kikundi cha Wasomaji hapa Hasamba. Watu kumi, kila mmoja shilingi mia mbili kwa juma, na mmoja apandaye gari kwenda Vwawa siku ya soko atuletee. Gazeti lipite nyumba kwa nyumba, lisifungie vitumbua mpaka wote kumi wamesoma. Wenye simu wawasomee wasio na simu yale yanayotolewa mtandaoni. Jumapili mkae darasani, mbishane kuhusu hadithi moja, ilianzaje na kwa nini ilituchosha.

Na hapa kuna jambo zito kuliko hadithi zetu. Majarida ya hadithi tupu kwa Kiswahili ni machache mno. Kwa miaka mingi hadithi zetu zimeishi kama wapangaji ndani ya magazeti ya habari, na mwenye nyumba akifunga, mpangaji hana pa kulala. Ngurumo, lililoanza mwaka 1959 na kusomwa na watu wengi wa kawaida, lilikoma mwaka 1976. Zawadi zipo siku hizi, na ni jambo la kushukuru. Ipo ile ya Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyotoa washindi wa kwanza mwaka 2015. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Lakini zawadi huja mara moja kwa mwaka, na hushindwa na wachache. Ukurasa wa kila juma ndio shamba la kujifunzia. Tukiwa watu elfu moja tunaotaka kuchapwa katika jarida, na watu kumi tu wanaolinunua, jarida hilo litakufa, nasi tutalilia mlango tuliousukuma wenyewe ukafunga.

Hatusemi upendeleo haupo duniani. Upo, na ukionekana kwa ushahidi tutaupinga, kwa majina na kwa tarehe. Lakini asiyejua gazeti linataka nini hawezi hata kujua kama ameonewa. Aliyesoma, akahesabu, akafuata masharti, kisha akakataliwa, huyo ana haki ya kuuliza kwa nini, na Chama kitasimama pamoja naye.

Tunamaliza. Binti yule yupo hapa, ameketi nyuma, wala hatutamtaja jina. Dada yetu, twakuomba radhi mbele ya wazee hawa. Tumekuja na daftari jipya, na matoleo matatu ya gazeti moja linalochapa hadithi. Hatukupi ahadi kwamba watakuchapa, maana ahadi hiyo si yetu. Twakuomba uyasome yote matatu kabla hujaandika mstari. Kisha umrudishe bibi yako mjane shambani kwake, na safari hii umwingize ukurasa wa kwanza.

Mtu wa kwanza kutoa mia mbili ni sisi. Hii hapa mezani. Wa pili nani?

Uhuru na Kazi!