Kifaranga Akizubaa: Joto Kwanza, Dawa Baadaye

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya vifaranga wanaougua nyumbani. Jambo hili si dogo. Katika vikundi vingi pesa za mzunguko hununua vifaranga wa siku moja, halafu mama mmoja mwenye nafasi huwalea kwa niaba ya wote. Wakifa, maneno huanza: ati hakuwalisha, ati aliwauza. Boksi moja la vifaranga linaweza kuvunja kikundi kizima. Kwa hiyo tutasema namna ya kuwaokoa, na pia namna ya kujua kilichowaua.

Kifaranga huanguliwa akiwa na kiini cha yai tumboni, nacho humlisha siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana anaweza kununuliwa mjini, apandishwe matatu ya Waiyaki Way, afike Kangemi jioni akiwa hai. Lakini kiini hicho hakitoshi kumkinga na baridi. Juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35. Huku kwetu magharibi ya Nairobi tuko juu, Kabete ni zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai hata mtu mwenye blanketi mbili anatetemeka. Nyumba ya mabati haina joto hilo, jamani.

Basi ukimkuta kifaranga amezubaa, macho yamefumba, mabawa yameshuka, usikimbilie dawa. Mguse miguu. Ikiwa baridi, mweke kwenye boksi dogo lenye chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na nafasi ya kusogea pembeni joto likizidi. Akianza kuinua kichwa, ndipo umpe maji ya uvuguvugu yenye glukosi au sukari kidogo. Chovya ncha ya mdomo tu, ameze mwenyewe. Ukimmiminia kooni, maji yataingia kwenye mapafu na utakuwa umemmaliza. Chakula kije baada ya maji.

Mwangalie na nyuma. Kinyesi kikikauka pale huziba njia. Usikibandue kwa nguvu, ngozi itachanika. Kilainishe kwa pamba na maji ya uvuguvugu, futa, mkaushe, mrudishe kwenye joto. Na mgonjwa akae peke yake: hudumia wazima kwanza, yeye mwisho, kisha nawa mikono.

Wengi wetu hutumia makaa ndani ya chungu. Ni sawa, lakini yawashwe nje kwanza, na dirisha libaki wazi kidogo upande wa juu. Hata moshi ukiisha, hewa ya sumu inaendelea kutoka, haina harufu, nayo imeua watu, si vifaranga peke yao. Mtu asilale chumba kimoja na chungu hicho. Kupima joto hakuhitaji mashine. Wakirundikana wana baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika huku wanakula, waache.

Watu hutuuliza juu ya pilipili na shubiri kwenye maji. Maoni yetu ni haya: kifaranga mgonjwa anakufa kwa kiu upesi, na maji machungu hayanywi. Mpe maji safi.

Sasa tuje kwenye daftari. Mama anayelea aandike kila jioni wangapi wamekufa na walikuwa na dalili gani, maana siku za vifo husema mengi. Vifo vya siku tatu nne za kwanza mara nyingi ni baridi, kiu, safari, au kitovu kilichooza tangu walikoanguliwa. Kuhara kweupe majuma mawili ya kwanza huweza kuwa ugonjwa uliotoka kwa kuku mama kupitia yai. Hapo mlezi hana kosa. Kuanzia juma la tatu, kinyesi chenye damu ni dalili ya koksidiosi, inayopenda matandiko yenye unyevu. Dawa ya amprolium ipo, lakini usipobadilisha maranda utarudi dukani kila mwezi. Gumboro nayo hupenda majuma ya tatu hadi ya sita. Newcastle, yaani kideri, haina dawa hata kidogo. Jina lilitoka mji wa Newcastle huko Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926. Hiyo na Gumboro ni za chanjo tu, ibebwe kwenye barafu, wapewe vifaranga wazima, si wagonjwa.

Na msiponunua dawa kwa kubahatisha mtaokoa pesa. Kabete ziko maabara za mifugo za serikali, na kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakifa wengi, pelekeni siku hiyohiyo waliotoka kufa, ndani ya kopo lenye kifuniko, wasigandishwe, pamoja na wagonjwa wawili watatu walio hai na lile daftari. Ombeni majibu kwa maandishi, yasomwe mbele ya kikundi kizima kabla mtu yeyote hajasimama kumlaumu mama aliyekesha na vifaranga wenu.