Moyo Katika Mizani: Wamisri wa Kale na Hesabu Baada ya Kifo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka)



Mwaka 1871 mtaalamu wa Kiingereza, Edward Tylor, alieleza katika kitabu chake kwamba watu wa kwanza waliamini roho katika kila kitu, kisha wakajifanyia miungu mingi, na mwishowe ndipo wakafikia kumwamini Mungu mmoja. Kwa maelezo hayo, dini hupanda ngazi tu. Leo napenda kuwaonyesheni, kwa ushahidi wa Misri ya kale, kwamba dini yaweza pia kushuka.

Maandishi ya dini yaliyo marefu na ya zamani kabisa huko Misri yalichongwa ndani ya piramidi ya Mfalme Unas, pale Saqqara, kiasi cha miaka 2350 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Hayo yalihusu safari ya mfalme baada ya kufa. Lakini baadaye, katika mafundisho aliyoandikiwa Mfalme Merikare, tunakuta fikra iliyo juu zaidi: kwamba matendo ya mtu huwekwa kando yake mbele ya mahakimu wa Akhera, na kwamba tabia ya mwadilifu hupokelewa kuliko ng'ombe anayetolewa sadaka na mdhalimu. Tazameni! Watu walioabudu miungu mingi walijua kwamba Muumba hahongwi.

Imani hiyo ilichorwa pia. Moyo wa maiti uliwekwa katika mizani, na upande wa pili likawekwa unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki. Marehemu alisimama mbele ya mahakimu 42 akikana kwamba hakuua, hakuiba, wala hakupunja vipimo. Moyo uliolemewa na dhambi uliliwa na mnyama wa kutisha. Kwa ajili hiyo wahifadhi wa maiti waliuacha moyo kifuani, kwani ndio uliokuwa shahidi.

Sasa angalieni mporomoko. Kuanzia kiasi cha miaka 1600 kabla ya Nabii Isa (a.s.), wenye uwezo walizikwa na sanamu ndogo ya mbawakawa iliyochongwa kwa jiwe, imewekwa kifuani. Juu yake yaliandikwa maneno ya kuuamuru moyo usimshuhudie vibaya mwenyewe! Tena waandishi walitayarisha mapema magombo ya kumvusha marehemu, wakaacha nafasi tupu ya jina. Mnunuzi akija, jina lake hujazwa. Hivyo kukiri kwamba "sikuiba" kuliandikwa kabla ya kujulikana ni nani atakayekiri.

Ndugu wapenzi, mizani ilibaki ukutani, lakini haki ilikuwa imetiwa bei. Tajiri alikwenda na hati yake, na maskini alikwenda na moyo wake mtupu. Je, huku ni kupanda ngazi?

Sisi tunafundishwa na Qurani Tukufu kwamba hakuna umma uliokosa mwonyaji. Kwa hiyo hatushangai kukuta nuru ya hesabu katika makaburi ya kale, wala hatuwacheki Wamisri. Bali tujiulize: yule anayepunja mizani dukani mchana, kisha jioni akanunua hirizi ili apate salama, ametofautiana nao kwa lipi? Na yule anayedhulumu mirathi ya yatima, kisha akafanya karamu kubwa ya kisomo, anataka nani anyamaze kama si moyo wake?

Wale waliuamuru moyo ufunge mdomo. Sisi tuurudishe moyo katika toba, na haki tuzirudishe kwa wenyewe, wangali hai nasi tungali hai, ili siku utakapoulizwa useme bila kuogopwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie moyo uliosalimika. Amin.