NANI ATAKAA NASI UANI?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bofu, Likoni)



Nimeombwa niseme habari za kukaa pamoja katika nyumba za ushirika, na ni watu wa fikira gani wanaopenda kukaa hivyo. Nitakuwa mfupi, maana wenzetu wa zamu ya usiku wataka kuiwahi feri.

Huko Denmark, mwaka 1972, watu walimaliza kujenga nyumba 27 mahali paitwapo Sættedammen. Kila jamaa ina nyumba yake na jiko lake, lakini iko nyumba moja ya wote, ambamo hupika kwa zamu na kula pamoja. Mambo yao huamuliwa mkutanoni. Desturi hiyo ilienea Ulaya na Marekani. Waifuatao, wengi ni watu waliosoma sana, wenye mishahara mizuri. Wamechoka kutomjua jirani. Wapenda kazi za nyumbani zigawanywe sawa baina ya mume na mke, na katika siasa wengi hufuata vyama vinavyotetea usawa. Basi hukusanyika watu wa fikira moja.

Na sisi je? Nyumba ya Kiswahili twaijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, choo kimoja kwa wote. Mama akichelewa kazini, jirani humlisha mtoto wake. Jambo hilo wenzetu wa Ulaya wamelitafuta kwa fedha nyingi. Lakini sisi hatukuchagua kukaa hivyo. Ni uchache wa mshahara. Wala hatuna mkutano. Kodi ikiongezwa, kila mtu hunung'unika chumbani mwake. Pengine mwenye nyumba naye ana kuta tu. Ardhi ni ya mwingine, naye humlipa kodi ya kiwanja.

Ndugu zangu, ua tunao. Tulichokosa ni sauti.

Wako wanaosema: tuunde chama cha nyumba, lakini tuchague watu wa kwetu, au wa dini yetu, ndipo tutaelewana. Mimi sikubali. Agosti 1997, hapa hapa Likoni, watu wa bara walifukuzwa katika vyumba vyao kwa sababu ya kwao, na wengine wakauawa. Lakini mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma wakidai posho ya nyumba, na Januari 1947 watu kama 15,000, wa reli, bandari na kwingineko, waliacha kazi pamoja. Walikuwa wa makabila mengi, na shida yao ilikuwa moja.

Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, hisa zake ziwe nyingi au chache. Chama kikuu cha ushirika wa nyumba, NACHU, kipo tangu 1979. Yafaa kamati ikaulize masharti yake. Naye atakayetaka kuingia tumwulize haya tu: Utalipa kwa wakati? Utahudhuria mkutano? Utashika zamu ya kusafisha choo, hata ukiwa mwanamume?

Tusingoje kiwanja. Mwezi huu kila ua ufanye mkutano wake juu ya maji, choo na kodi, na wanawake wakae humo wakiwa na kura zao. Kisha kila ua ulete mjumbe mmoja hapa.