Mahakama ya Kadhi: Tuliipigania, Je, Twaitumia?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya Tarawehe, Kawangware, Nairobi)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Amma baad.

Masheikh wetu, wazazi wetu, kina mama mlio nyuma ya pazia, na nyinyi vijana wenzangu mliokaa karibu na mlango ili muwahi kutoka: nitakuwa mfupi inshaAllah. Nimepewa mada ya Muislamu na sheria za nchi. Mimi bado ni mwanafunzi. Nikisema la sawa, limetoka kwa Allah; nikikosea, kosa ni langu.

Nianze na jambo la nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe, akaachiwa watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, na vyumba vichache vya mabati vya kupangisha. Kabla hata eda haijaisha, mashemeji walianza kukusanya kodi kwa wapangaji. Alipouliza, akaambiwa mali ni ya ukoo, mwanamke atarithi nini? Na hawa, ndugu zangu, ni watu wa saff ya kwanza msikitini.

Tukamshauri aende kwa Kadhi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza, tunapanda matatu hadi mjini. Swali la kwanza aliloulizwa: cheti cha ndoa kiko wapi? Hakuna. Nikaha ilifungwa nyumbani, khutba ikasomwa, biriani ikaliwa, na hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Shahidi mmoja amekufa, wa pili amehamia Mombasa. Ikabidi atafutwe ili mjane athibitishe kwamba alikuwa mke wa mtu aliyezaa naye watoto watatu!

Alhamdulillah, mwisho haki ilipatikana. Wazazi wa marehemu walikuwa wameshatangulia, kwa hivyo mali iligawanywa mafungu 40: mama mafungu 5, ambayo ndiyo thumuni yake, kila mvulana 14, na msichana 7. Ami zao hawakupata kitu, manake mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu hawarithi. Hesabu yenyewe haichukui dakika tano. Sisi ilituchukua zaidi ya mwaka.

Sasa tuulizane: mahakama hii ilitoka wapi?

Kuna wanaosema ati ni zawadi ya juzi. Si kweli. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alimkuta kadhi Mogadishu, na watu wa Mombasa aliwakuta wakifuata madhehebu ya Imam Shafi. Mwaka 1895 Sultan wa Zanzibar alipokubali ukanda wa pwani wa maili kumi usimamiwe na Waingereza, makadhi waliendelea na kazi yao. Uhuru ulipokaribia, Oktoba 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte. Kenyatta akaahidi kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine yatahifadhiwa. Ndipo ukanda ule ukaungana na Kenya. Kwa hivyo hii ni ahadi, na Muislamu anajua uzito wa ahadi.

Ahadi hiyo iliingia katika Katiba ya uhuru, kisha Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikaziwezesha kuenea nje ya Pwani. Ilipopitishwa Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika 1981, iliwahusu Waislamu pia. Wazee wetu waliipinga kwa miaka mingi, hadi mwaka 1990 ilipobadilishwa na mirathi ya Muislamu ikarudishwa kwenye sheria yake.

Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema kuwa na mahakama hizi ndani ya Katiba ni kuipendelea dini moja. Makanisa mengi nayo yalizipinga kwenye kampeni. Lakini tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura, na Katiba mpya ikapita, Kadhi akiwa ndani yake, Kifungu cha 170. Ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti, siku ya Ijumaa, katikati ya Ramadhan. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazee huko nyumbani bado wanaisimulia siku ile.

Tuliipata. Je, twaitumia?

Kifungu hicho kinampa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa naye. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Katiba imefungua mlango tu, kuingia ni juu yetu. Na yule mwenye kumdhulumu mjane, kisha akisikia Kadhi anakataa kwenda, anaibomoa mahakama hii kuliko aliyepiga kura ya La.

Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Muislamu. Masheikh wengi hawakuridhika, nami siwalaumu; mafungu ya mirathi hatukuyapanga sisi. Lakini nawauliza vijana: mtoto yule ana kosa gani? Fiqhi haikumsahau. Imemwachia mtu theluthi ya mali yake aiusie kwa asiyekuwa mrithi, na zawadi akiwa hai. Je, ni baba wangapi wameandika wasia? Mtume (S.A.W.) alituonya tusilale hata siku mbili bila wasia kuandikwa, ikiwa tuna cha kuusia. Tukiacha milango yetu wenyewe imefungwa, tusishangae watu wakitafuta milango mingine.

Imepokewa kwamba mke wa Saad bin Rabii, aliyekufa shahidi Uhud, alimwendea Mtume (S.A.W.) na binti zake wawili. Ami yao alikuwa amechukua mali yote. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, na kilichobaki kiwe chake. Basi kisa cha mama yangu mdogo kilishatokea Madina, na jawabu lake likateremka kutoka mbinguni. Sisi tumeipokea amana hiyo, kisha tunaikalia.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti Mombasa mwaka 1932 akaliita Al-Islah, yaani kutengeneza. Humo hakuogopa kuwakosoa Waislamu wenyewe. Tumfuate.

Kijana unayetaka kuoa, hakikisha anayekuozesha ameruhusiwa na msajili, na usiondoke bila cheti. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe. Dada yangu, kikiandikwa, nawe uwe na nakala yako. Baba, andika wasia wako na deni zako kabla ya Idd. Na ndugu wa marehemu, mali ya yatima usiiguse, hata kodi ya chumba kimoja.

Mwezi huu tunajizuia na chakula cha halali mchana kutwa. Itakuwaje tufturu kwa mali ya yatima?

Allah atutakabalie saumu zetu, awarehemu wazee waliotutangulia, na atujaalie tuitunze amana waliyotuachia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.